Namna ya Kupima Usajili wa Mchezaji Huru wa Uwanja wa Nje Katika Besiboli

Mara tu fainali za besiboli ya Marekani, zinazojulikana kama World Series, zinapomalizika mwishoni mwa Oktoba au siku za kwanza za Novemba, wachezaji zaidi ya mia moja hubaki bila mkataba, na klabu 30 za Ligi Kuu ya Besiboli, yaani MLB, huanza kuwawania. Habari nyingi za usajili huo hutufikia sisi wa Mwanza alfajiri, kwa kuwa saa mbili usiku ya New York wakati wa majira ya baridi ni saa kumi alfajiri kwetu, na kufikia muda wa chai wale wachache tunaoufuatilia mchezo huu, kuanzia Kirumba hadi Nyegezi, huwa tumeshaanza kubishana kwenye simu. Ubishi huo kwa kawaida huzunguka namba moja tu, ile ya dola, ilhali namba hiyo ni jibu la hesabu ndefu ambayo mtu yeyote mwenye bando la intaneti na subira anaweza kuifanya.

Mwongozo huu unahusu kundi moja la wachezaji hao, wale wa uwanja wa nje, yaani wanaolinda eneo lililo mbali na mpigaji, na unakusudia kumwonyesha msomaji namna ya kukaa na karatasi akapima mwenyewe, kabla mkataba haujatangazwa, kama klabu fulani inafaa kumsajili mchezaji fulani na kwa kiasi gani. Msimamo wangu niutaje mapema: katika nafasi hii, swali linalozidi mengine yote ni mchezaji atakuwa anasimama wapi uwanjani ifikapo mwaka wa tatu au wa nne wa mkataba, na wengi wetu huliuliza mwisho au hatuliulizi kabisa.

Uhuru wenyewe, na umri unaokuja nao

Sisi tuliolelewa na soka, tukaishangilia Pamba pale Nyamagana na Kirumba, tumezoea kwamba klabu inayomtaka mchezaji mwenye mkataba huilipa klabu yake ada ya uhamisho. Besiboli ya Marekani haina desturi hiyo. Mchezaji aliye ndani ya mkataba huondoka kwa kubadilishwa na wachezaji wengine, na aliyemaliza mkataba akiwa ametimiza masharti ya kuwa huru huondoka bila mtu kuilipa klabu yake ya zamani ada ya kumnunua. Kinachokaribia soka ni usajili wa wachezaji wa Japani ambao bado wamefungwa na klabu zao: Boston Red Sox walipomsajili Masataka Yoshida Desemba 2022 kwa miaka 5 na dola milioni 90, iliwabidi wailipe pia klabu yake, Orix Buffaloes, zaidi ya dola milioni 15.

Sharti la kuwa huru ni kutumikia miaka 6 kwenye MLB, na mwaka mmoja huhesabiwa kuwa umetimia mchezaji akikaa siku 172 kwenye kikosi. Katika takribani miaka mitatu ya kwanza klabu humlipa karibu na kima cha chini, na katika miaka inayofuata mshahara wake hupangwa kwa mazungumzo au, yakishindikana, kwa usuluhishi. Ni baada ya hapo tu ndipo anapoweza kuzisikiliza klabu zote.

Haki hii ilipiganiwa, na aliyeipigania kwa gharama kubwa kuliko wote alikuwa mchezaji wa uwanja wa nje. Curt Flood, aliyekuwa akisimama katikati kwa St. Louis Cardinals, alikataa kuhamishiwa Philadelphia baada ya msimu wa 1969 na akafungua kesi. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua dhidi yake mwaka 1972, wakati huo akiwa ameshaacha kucheza. Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz aliamua kwamba warushaji, yaani wanaomrushia mpigaji mpira, Andy Messersmith na Dave McNally walikuwa huru, na mwaka uliofuata Reggie Jackson, naye wa uwanja wa nje, alisaini na New York Yankees kwa miaka 5 na karibu dola milioni 3. Kila ninapouona mkataba mkubwa wa mchezaji wa nafasi hii humkumbuka Flood, ambaye hakupata hata senti ya uhuru alioudai.

Kwa mpimaji, utaratibu huo unaacha jambo moja la vitendo, nalo ni umri. Mchezaji wa kawaida huingia MLB akiwa na miaka 23 au 24, na miaka 6 inapotimia anakuwa anakaribia 30, wakati ambapo mbio zake zimeshaanza kupungua hata kama mkono wake bado unapiga. Juan Soto aliingia mwaka 2018 akiwa na miaka 19, akawa huru akiwa na miaka 26 tu, na hiyo ni sababu kubwa ya New York Mets kumpa miaka 15 na dola milioni 765 Desemba 2024. Aaron Judge alichelewa kuingia, akawa huru akiwa na miaka 30, na mkataba wake wa miaka 9 na dola milioni 360 aliousaini na Yankees utamfikisha miaka 39. Kwa hiyo andika umri juu kabisa ya karatasi yako, na pembeni yake andika umri atakaokuwa nao siku mkataba unapokwisha.

Anza na miguu

Uwanja wa nje una nafasi tatu: kushoto, kati na kulia. Wa kati hulinda eneo kubwa kuliko wenzake, maana kutoka besi ya nyumbani, anaposimama mpigaji, hadi uzio wa katikati ni kama futi 400, karibu mita 122, umbali unaozidi urefu wa uwanja wa soka, na mpira wowote unaopigwa juu kati ya wachezaji wawili ni yeye mwenye haki ya kuukimbilia kwanza. Wa kulia anahitaji mkono wenye nguvu kwa sababu ana safari ndefu ya kurusha mpira hadi besi ya tatu. Wa kushoto ndiye anayedaiwa machache zaidi katika ulinzi, na kwa sababu hiyo anadaiwa mengi zaidi katika kupiga.

Thamani ya mchezaji hubadilika kulingana na mahali hapo hata kama yeye mwenyewe hajabadilika. Mtu anayepiga juu kidogo ya wastani akiwa katikati ni hazina, kwa sababu walio na miguu ya kulinda katikati na bado wanapiga vizuri ni wachache. Mtu huyohuyo, kwa upigaji uleule, akihamishiwa kushoto anakuwa wa kawaida, kwa sababu huko klabu inaweza kupata mpigaji wa kiwango chake bila kuhangaika. Mkataba unaosainiwa kwa bei ya mchezaji wa kati na kumaliziwa na mchezaji wa kushoto ndio unaoziumiza klabu nyingi.

Vipimo vya miguu vipo wazi na ni vya bure. Tangu 2015 viwanja vyote vya MLB vina mfumo wa Statcast unaofuatilia mpira na wachezaji, na takwimu zake huwekwa kwenye tovuti ya Baseball Savant. Tazama kwanza kasi ya mbio: wastani wa ligi ni futi 27 kwa sekunde, na wanaofika futi 30 ni wakimbiaji wa hali ya juu kabisa. Kisha tazama kipimo kinachohesabu ni mipira mingapi mchezaji ameidaka zaidi, au pungufu, ya ile ambayo mchezaji wa wastani angeidaka kutoka umbali uleule na kwa muda uleule; sifuri ni wastani, na kumi au zaidi kwa msimu mmoja ni kazi nzuri sana. Kipimo hicho hutambulika kwa herufi OAA.

Chukua misimu mitatu, wala usiridhike na mmoja. Mchezaji wa miaka 30 aliyekuwa na futi 29, akashuka hadi 28.3 na msimu uliopita akawa na 27.6, bado yuko juu ya wastani, na wakala wake atalisema hilo kwa sauti. Lakini kinachonunuliwa ni mteremko wenyewe, na mteremko huo unaelekea chini ya wastani kabla mkataba wa miaka mitano haujafika nusu. Mvuvi wa Mwaloni anayenunua injini ya mtumbwi iliyokwishatumika haulizi imevuta tani ngapi za sangara. Huisikiliza ikiwaka, huuliza imefunguliwa mara ngapi, na huhesabu misimu iliyobaki. Klabu makini humtazama mchezaji wa kati kwa jicho hilohilo, na majeraha ya misuli ya paja, goti na nyonga huyaandika ukurasa wa kwanza.

Mfano ninaourudia kwa kila anayeniuliza ni wa Jacoby Ellsbury. Desemba 2013 Yankees walimpa miaka 7 na dola milioni 153, akiwa na miaka 30 na historia ya kuumia. Alikuwa mchezaji wa kati mwenye kasi kubwa, na mwaka 2011 alikuwa amepiga homurani 32, yaani mipira 32 iliyovuka uzio; lakini katika misimu yake mingine yote ya Boston, klabu aliyotoka, hakuwahi kuzidi 9. Aliyepima kwa msimu mmoja wa 2011 aliona mpigaji mkubwa mwenye miguu, na aliyepima kwa misimu yote aliona miguu peke yake. Ellsbury hakucheza tena baada ya 2017, na Novemba 2019 klabu ilimwacha ukiwa umebaki msimu mzima wa mkataba.

Kisha upigaji

Hapa ndipo mashabiki wengi huanzia, na namba ya kwanza wanayoitaja ni homurani. Si namba mbaya, lakini inamdanganya anayeitazama peke yake. Kazi ya msingi ya mpigaji ni kutotolewa, yaani kufika besi bila walinzi kumwondoa, kwa hiyo kipimo ninachokiweka mbele ni asilimia ya kufika besi, ambayo huhesabu mipigo halali pamoja na besi za bure anazopewa mpigaji mwenye jicho la kuacha mipira mibovu ipite. Mwaka 2024 Soto alipiga homurani 41, na pia alipewa besi za bure 129. Jicho la namna hiyo halizeeki haraka kama miguu, na ndiyo maana Mets walikubali kumlipa hadi atakapofika miaka 40 ilhali ulinzi wake wa upande wa kulia haujawahi kuwa wa kusifiwa.

Mwaka huohuo Anthony Santander alipiga homurani 44 kwa Baltimore Orioles, zaidi ya Soto, lakini asilimia yake ya kufika besi ilikuwa 0.308, yaani karibu zamu 31 katika kila 100, kiwango cha kawaida tu. Kijana mmoja wa pale Kirumba aliniuliza, "Kaka, mbona huyu kapiga nyingi kuliko Soto lakini kapewa dola milioni 92.5 tu za miaka 5?" Jibu liko katika namba hiyo ya pili: klabu zilishaisoma, na Toronto Blue Jays walimlipa kama mpigaji wa nguvu wa pembeni, yaani wa kushoto au kulia, mwenye miaka 30, wala si zaidi. Msimu wake wa kwanza, 2025, bega lilimweka nje hadi akacheza mechi 54 na kupiga homurani 6. Bega halitabiriki, na sioni sababu ya kuilaumu klabu kwa hilo. Lakini ni kweli kwamba mchezaji asiye na miguu ya kumbeba, nguvu zake zinapoondoka, hubaki na kidogo sana cha kuipa klabu.

Kipimo kinachofuata ni kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo. Mpira uliopigwa kwa maili 95 kwa saa au zaidi huhesabiwa kuwa umepigwa kwa nguvu, na anayefanya hivyo mara nyingi ataendelea kupata matokeo hata akipitia wiki mbaya. Cody Bellinger, baada ya kuachwa na Los Angeles Dodgers, alifufuka mwaka 2023 akiwa Chicago Cubs kwa wastani wa kupiga, yaani sehemu ya zamu zilizoleta mpigo halali, wa 0.307 na homurani 26, na wengi walitarajia mkataba wa zaidi ya dola milioni 150. Klabu zikatazama kasi ya mipira yake, zikaona mingi ilikuwa laini na ilidondokea mahali pasipo na mtu, zikasita. Mwishowe, Februari 2024, alirudi Cubs kwa miaka 3 na dola milioni 80, akiwa na ruhusa ya kujiondoa kila mwisho wa msimu. Namsifu Bellinger kwa jambo jingine, kwamba anacheza katikati, pembeni na hata besi ya kwanza, na uwezo huo wa kuhamahama una thamani ambayo haionekani kwenye orodha ya homurani.

Usisahau kutazama anavyopiga dhidi ya warushaji wa mkono wa kulia na wa kushoto, kila upande peke yake. Kwa kuwa warushaji wengi ni wa mkono wa kulia, mpigaji wa kushoto anayelemewa na warushaji wa kushoto bado atacheza siku nyingi, lakini klabu italazimika kumlipa mtu wa pili wa kushika nafasi hiyo siku nyingine, na mshahara wa huyo wa pili ni sehemu ya gharama ya wa kwanza.

Kuhusu ulinzi wa pembeni, mfano mzuri ni Jason Heyward, aliyesajiliwa na Cubs Desemba 2015 akiwa na miaka 26 kwa miaka 8 na dola milioni 184. Ulinzi wake wa kulia ulikuwa wa ajabu na haukumwangusha; alipata Glavu ya Dhahabu, tuzo ya walinzi bora, 2016 na 2017. Upigaji ndio uliomwangusha, wastani wa 0.230 na homurani 7 katika msimu wa kwanza, na Novemba 2022 aliachwa ukiwa umebaki mwaka mmoja wa malipo. Hata hivyo sitamwita hasara. Cubs walichukua ubingwa 2016 kwa mara ya kwanza tangu 1908, na wachezaji wenzake walisema kwamba aliyewakusanya na kuwatia moyo mvua iliposimamisha mechi ya saba ya fainali alikuwa yeye. Karatasi yetu haina safu ya jambo kama hilo, na mpimaji mwaminifu hukubali kwamba haina.

Uwanja wa klabu inayonunua

Viwanja vya besiboli havifanani, na jambo hili humshangaza anayetoka kwenye soka. Fenway Park ya Boston ina ukuta wa kushoto wenye urefu wa futi 37 kwenda juu, uliosimama karibu sana na besi ya nyumbani, kiasi kwamba eneo la kushoto ni dogo na mchezaji mwenye mbio hana pa kuzitumia. Mwaka 2010 Red Sox walimpa Carl Crawford miaka 7 na dola milioni 142. Alikuwa mlinzi bora wa kushoto akiwa Tampa Bay, thamani yake ikiwa imejengwa juu ya kasi na eneo kubwa alilolimudu, na sasa alihamishiwa kwenye uwanja unaoibana kasi hiyo. Mwaka 2011 alipiga 0.255, akaumia, na Agosti 2012 akapelekwa Dodgers. Sisemi kwamba ukuta peke yake ulimharibu. Nasema kwamba klabu ililipa bei ya Tampa kwa mali ambayo Boston isingeitumia yote.

Kwa upande mwingine, Yankee Stadium ina uzio wa kulia ulio karibu, futi 314 kwenye mstari, na mpigaji wa mkono wa kushoto anayeinua mpira upande huo hupata homurani ambazo kwingine zingedakwa. Coors Field ya Denver iko juu sana kutoka usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi na uwanja wake wa nje ni mpana mno. Namba za mpigaji anayetoka huko zipunguzwe kabla ya kuaminiwa, na mlinzi anayekwenda huko awe na miguu kwelikweli. Kwa hiyo unapopima, usiandike tu "mchezaji wa kushoto". Andika wa kushoto wa wapi.

Hesabu ya fedha

Wachambuzi hukusanya kupiga, kukimbia na kulinda katika namba moja iitwayo WAR, inayokadiria ni ushindi mangapi mchezaji anaiongezea timu kuliko ambavyo angeongeza mtu wa akiba aliyeitwa kutoka ligi ya chini. Mchezaji wa kila siku wa kawaida huleta kama 2 kwa msimu, nyota huleta 5 au zaidi. Namba hiyo ina kasoro, hasa upande wa ulinzi, lakini inatusaidia kukokotoa.

Tuchukue mchezaji wa mfano mwenye miaka 29 anayetazamiwa kuleta 4 mwaka ujao. Mpunguzie 0.5 kila mwaka kwa sababu ya umri: 4, 3.5, 3, 2.5 na 2, jumla 15 kwa miaka mitano. Tukichukulia kwamba sokoni ushindi mmoja unagharimu dola milioni 9, bei ya haki ni dola milioni 135, yaani milioni 27 kwa mwaka. Sasa rudi kwenye swali langu la mwanzo. Ikiwa miguu yake inaonyesha kwamba mwaka wa tatu atahamia kushoto, ondoa pengine 0.7 kwa kila mwaka wa mitatu ya mwisho, jumla 2.1, na karibu dola milioni 19 zimeondoka kwenye bei. Hesabu hii ndogo ndiyo inayotenganisha klabu mbili zinazomtaka mtu yuleyule kwa ofa tofauti.

Halafu kuna kodi. MLB haina kikomo cha mishahara, bali ina kodi ya anasa inayotozwa klabu ikivuka kizingiti cha jumla ya mishahara, ambacho ni dola milioni 241 kwa 2025 na milioni 244 kwa 2026, na kinachohesabiwa kwa kila mchezaji ni wastani wa mkataba wake kwa mwaka. Anayevuka mara ya kwanza hutozwa asilimia 20 ya kilichozidi, mwaka wa pili mfululizo 30, wa tatu na kuendelea 50, mbali na nyongeza kwa waliovuka mbali sana. Mchezaji wetu wa milioni 27 akisajiliwa na klabu iliyokwisha kuvuka kwa mwaka wa tatu anaigharimu milioni 40.5 kwa mwaka, hata kabla ya nyongeza hizo. Akisajiliwa na klabu iliyo chini ya kizingiti anagharimu 27 ileile. Usipime mchezaji bila kupima mfuko wa anayemchukua.

Kikwazo kingine ni ofa ya mwaka mmoja ambayo klabu ya zamani inaweza kumpa mchezaji wake kabla hajaondoka, kwa wastani wa mishahara 125 ya juu kabisa ya ligi. Novemba 2024 ilikuwa dola milioni 21.05, na Novemba 2025 ikawa milioni 22.025. Mchezaji akiikataa, klabu itakayomsajili hupoteza nafasi katika uteuzi wa chipukizi wa kila mwaka, na zilizolipa kodi ya anasa hupoteza mbili. Kwa nyota wa juu hilo halimzuii mtu. Kwa mchezaji wa pembeni wa daraja la kati linaweza kumkosesha mwaka mzima wa mkataba, kwa hiyo liandike. Mchezaji hawezi kuwekewa ofa hiyo mara mbili maishani.

Mwisho wa fedha ni masharti madogo, ambayo si madogo hata kidogo. Malipo yaliyoahirishwa hupunguza thamani halisi ya mkataba: Teoscar Hernández alisaini na Dodgers mwaka mmoja wa 2024 kwa dola milioni 23.5, lakini milioni 8.5 kati ya hizo zilisogezwa miaka ya mbele. Alipiga homurani 33, akachukua ubingwa nao, akarudi kwa miaka 3 na milioni 66. Kwangu huo ndio usajili uliopimwa vizuri kuliko yote niliyoifuatilia katika nafasi hii, maana klabu ilinunua nguvu za mchezaji wa pembeni wa miaka 31 bila kujifunga na uzee wake. Kipengele cha kujiondoa nacho ni mali ya mchezaji: akifanya vizuri ataondoka, akifanya vibaya atabaki, na hasara yote inabaki kwa klabu. Soto ana kipengele hicho baada ya msimu wa 2029, isipokuwa Mets wakubali kuongeza dola milioni 4 kwa kila mwaka wa miaka 10 inayobaki.

Waliopo nyumbani, na muda

Kabla ya kuamua, fungua orodha ya wachezaji wa klabu na uone nani tayari yuko uwanja wa nje, nani ana mkataba mrefu, na ni chipukizi gani anakaribia kupanda. Tangu 2022 ligi zote mbili zinazounda MLB zina mpigaji maalumu asiyelinda, na watu hulitumia hilo kama kimbilio, wakisema kwamba mchezaji akizeeka atahamia huko. Kiti hicho ni kimoja tu. Yoshida aliletwa Boston kucheza kushoto, na kufikia 2024 alikuwa hasa mpigaji maalumu, jambo lililowafungia wengine mlango wa kupumzika kwenye nafasi hiyo.

Muda hauna ugumu. Hakuna dirisha la usajili linalofungwa kama letu. Mikutano ya Desemba huleta mikataba mingi mikubwa, lakini Bryce Harper alisaini na Philadelphia Phillies kwa miaka 13 na dola milioni 330 wakati mazoezi ya kabla ya msimu wa 2019 yakiendelea. Mchezaji wa daraja la kati anayefika Februari bila mkataba mara nyingi hukubali mwaka mmoja, na klabu yenye subira hufaidika.

Ukishaandika bei yako, iweke pamoja na tarehe, na mkataba ukitangazwa linganisha miaka kwanza, kisha wastani wa mwaka, kisha masharti. Msimu ukianza mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, usihangaike na wastani wa kupiga wa wiki za mwanzo, kwa sababu hubadilika kila siku. Tazama kasi ya mbio, ambayo hutulia mapema, na tazama kocha anampanga kushoto, kati au kulia.